Siku Mto Ulipovunjika

Utsjoki, Mei

Kaka yangu mpendwa Jovnna,

Pokea salamu kutoka huku mtoni. Sisi ni wazima, na natumaini Helsinki nako mmeamka salama, wewe, wifi na watoto. Mimi nasumbuliwa na mgongo tu, na huo nimeshauzoea.

Kaka, barafu ya mto imeondoka, na safari hii nusura iondoke na baba. Jumapili asubuhi alitoka akisema anakwenda kunyoosha miguu. Simu aliiacha mezani. Kahawa haijachemka, nikasikia ngurumo kama mlima unaporomoka. Nilitoka mbio. Barafu ilikuwa imepasuka kutoka ukingo wetu hadi ule wa Norwe. Mapande makubwa kama nyumba yalisimama wima, yakapandana, yakakata miti kama njiti za kiberiti. Nimezaliwa hapa, nayaona kila mwaka, lakini siku hiyo nilikimbia ukingoni nikimwita baba.

Halafu kikapita kigari chekundu cha theluji cha baba, juu ya pande la barafu, kitupu.

Halmashauri yetu unaijua: eneo kubwa, watu wa kujaza ukumbi mmoja. Waliosikia wote walikuja ukingoni. Hata jirani yetu Uula, asiyeishiwa mizaha, alivua kofia. Nilimwambia airudishe kichwani, sijafiwa bado.

Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa Berit, yule mjane wa ng'ambo ya mto. Akasema baba yuko jikoni kwake anakula samaki, viatu vinakauka kando ya jiko. Barafu ilianza kulia akiwa juu yake, akakiacha kigari akakimbia. Nilimwomba anipe baba nizungumze naye.

"Baba, umetutoa roho," nikamwambia.

"Mwanangu, hata mimi sikujua miguu hii bado ina mbio."

Uula aliposikia alisema mzee kakosea njia, nyumba yake iko upande huu.

Hakukosea, kaka. Hili kalamu yangu imelionea haya hadi sasa. Baba mwenyewe amekiri kwamba alikuwa karibu zaidi na ukingo wetu. Alikimbilia kwa Berit. Wataoana Juni. Nilidhani nitaumia kwa ajili ya marehemu mama, lakini nilibaki nikishangaa tu: mzee anayekaribia miaka themanini, kifo kiko nyayoni, akachagua njia iliyo ndefu.

Njoo na suti. Baba anaomba usimcheke kwenye simu. Wifi na watoto nawakumbatia wote.

Ni mimi mdogo wako,
Elle