Karatasi Iliyolala Kwenye Kihenge

Haneti

Mdogo wangu Penina,

Mbukwa. Na marahaba pia, maana najua huko Ipagala umeshaniamkia kimoyomoyo. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Sisi wazima, uwele tumevuna.

Ujue unaandikiwa na mtaalamu wa nyota. Galaksi nimeiona kwa macho yangu mawili! Haya, nimekudanganya. Jicho zima ni moja, na nilichoona ni karatasi ya mwanao Angelina, alipokuja likizo na masomo yake ya chuo.

Ilikuwa na doa jeupe, refu, limevimba katikati, na pembeni hesabu zake za penseli za mwaka mzima. Akasema ni galaksi. Mwanga wake umesafiri miaka milioni mia mbili kutufikia. Nyota zake nyingi ni kuukuu, mpya hazizaliwi tena. Nikamwambia basi ni baraza la wazee wa hapa. Akasema galaksi nyingine zina mikono iliyojisokota, hii haina. Nikasema kumbe ni mwenyekiti wetu siku ya kulima. Akaongeza kwamba inatukimbia. Hapo nikashtuka: anayekimbia ana lake.

Nikachungulia. Nyuzi, dakika, sekunde! Vipimo vilevile walivyoandika wapima ardhi walipochimbia mawe ya mpaka kwa jirani Silvano. Na lile doa, naapa, lilikuwa uwanja wangu wa kupuria uwele ukitazamwa kutoka juu. Nikajua umemtuma binti apime shamba la baba, ulitwae.

Jana nikanakili tarakimu, nikamfuata mpima. Alicheka hadi akakalia jiwe la mpaka. Akasema vipimo hivyo ni vya angani, na huko hakuna shamba la mtu.

Sasa Angelina amerudi kwako analia kwamba mbuzi wangu kala kazi yake. Penina, mbuzi hana kosa. Karatasi niliificha mimi kwenye kihenge, kisha nikamsingizia mnyama. Binti akaniomba radhi kwa kuiacha ovyo! Nisamehe na wewe kwa kukudhania.

Imo humu ndani ya bahasha, inanuka uwele. Jumatatu anaipeleka kwa mwalimu wake. Ulipovunja kibuyu cha maziwa cha mama, nilisema ni mimi, nikachapwa mimi. Basi leo itie kwenye begi lake, useme umeikuta humo. Ikung'ute kwanza.

Wasalimie wote.

Kaka yako,
Elisha