Povu kwenye mabomba matupu

Shoga, chuoni sirudi. Usicheke!

Leo mtihani wa ufundi friji: tafuta mahali gesi inapovuja. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo cha mabomba, kwa madaha, kama napamba bibi harusi. Hakuna kilichotoa hata kiputo kimoja cha gesi.

Nikatangaza darasa zima lisikie: "Mwalimu, haivuji!"

Akaangalia geji ya presha. Sifuri.

"Hongera, fundi. Na gesi ya kupimia uliijaza saa ngapi?"

SIKUIJAZA. Nusu saa nzima napima mabomba matupu. Matupu, shoga!

"Hata ndoo yangu iliyotoboka haivuji ikiwa haina maji," akasema. Watu hoi kwa kicheko.

Sasa hivi shangazi kapiga simu: "Fundi wetu, friji ya dukani haigandishi, njoo."

Nimemwambia atafute fundi.