Gemu Aliyoifungua Anko

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila Mama mafua yamemganda. Baba, usikasirike kwanza. Ile gemu ya mkononi uliyonitumia, kijiti cha kushoto kilianza kujiendea chenyewe. Mchezaji wangu anatembea hata sijamgusa. Anko akasema ni vumbi tu. Akachukua bisibisi ndogo za cherehani, akaifungua, akasafisha, akaifunga. Tangu hapo haiwaki. Anko amenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa. Mama anasema wewe fundi lifti unaujua umeme, utuelekeze.

Mwanao, Chiriku

20 Machi

Marahaba Chiriku wangu,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo hainipi nafasi ya kupumua. Mama yako mpe pole. Sasa niambie: nani alimpa Anko ruhusa ya kufungua kitu nilichokununulia mimi? Huyo mume wa mama yako ni fundi cherehani, na ashone. Gemu haina pindo. Iweke kwenye kopo, asiiguse mtu. Nikija likizo mwisho wa mwaka nitaitengeneza mwenyewe, mimi na wewe. Na jioni nani anakusaidia hesabu?

Baba yako

8 Aprili

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mama amepona. Mwisho wa mwaka mbali! Hesabu ananisaidia Anko, lakini na yeye anahesabia vidole. Nilimsomea barua yako, akacheka, akasema ni kweli, gemu haina pindo. Skrubu ameziweka kwenye vifuniko, ndefu mbali na fupi, maana anasema ndefu ikiingia tundu la fupi itatoboa ule ubao wa umeme wa ndani. Tukimaliza kula tunafuta meza, mimi nashika tochi, yeye anavaa miwani juu ya miwani. Raha mno, Baba! Tupe hatua tu.

Mwanao, Chiriku

27 Aprili

Marahaba mwanangu,

Nimefurahi kusikia mna raha.

Haya. Ichajini kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, usikiachie upesi. Ikikataa, ifungueni, chomoeni plagi ya betri, muirudishe kwa kuibana mpaka ilie "ka". Mara nyingi ugonjwa uko hapo. Basi, ni hayo tu. Ikigoma, mwambie Anko akubali yaishe. Kuna vitu vinamtaka mwenye kuvijua.

Baba yako

19 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Plagi ya betri kweli ilikuwa imelegea. Ikalia "ka", tukawasha, muziki huo! Tulipiga kelele mpaka Mama akaja mbio akidhani nyoka. Lakini kioo cheusi tii. Tumerudia kila ulichoandika, muziki unalia, kioo giza. Nikalia. Nikamwambia Anko, "Ungeiacha, Baba angeitengeneza." Siku hizi tukimaliza kula anarudi kwenye cherehani yake, na hesabu nafanya peke yangu. Gemu iko kwenye kopo, kama ulivyotaka.

Mwanao, Chiriku

30 Mei

Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisomea kazini, nimeketi juu ya lifti mbovu, wenzangu wakiniita nisiitike. Kuna jambo moja nilipitiwa kuliandika. Chomoeni betri kwanza. Kwenye ubao mtaona utepe mwembamba unaoingia kwenye mdomo mweusi. Huo ndio unaopeleka picha kwenye kioo. Mdomo una kifuniko kidogo kama ukucha. Kiinueni taratibu, sukumeni utepe mpaka mwisho, ukae sawa, ndipo mkilaze. Afanye Anko. Mkono uliozoea kutunga uzi hautauchana. Wewe shika tochi.

Baba yako

14 Juni

Shikamoo Baba,

Wote wazima, na gemu INAWAKA! Utepe ulikuwa umeingia upande mmoja tu. Anko alibana pumzi mpaka ukucha ukalala.

Lakini Baba, kabla ya kuanza alisoma barua yako mwenyewe, akavua miwani zote, akasema, "Baba yako hakupitiwa."

Nikamuuliza, "Kwa nini unasema hivyo?"

Akasema, "Kwa sababu namuelewa. Kile kijiti kilikuwa kinasumbua kidogo tu, ningeweza kukiacha. Lakini kila ukishika gemu ilikuwa Baba, Baba. Nikataka mkono wangu nao uwemo humo ndani."

Mama akasema nyinyi wawili mna wivu kama wake wenza. Hata Anko alicheka. Mimi sijacheka. Nijibu wewe: ulisahau, au hukusahau?

Mwanao, Chiriku

2 Julai

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima. Sikusahau.

Nilitaka ashindwe, unisubiri mimi. Nikapata nilichokitaka, kisha nikakuona umejiinamia na madaftari yako peke yako pale mezani, chakula kikanishinda. Wivu bado ninao, sikufichi. Hata hiyo tochi naionea wivu, kwa kuwa iko mkononi mwako na mimi niko huku. Lakini mwambie Anko maneno yake yamenifika, na nisingeweza kumlaumu bila kujilaumu.

Naja Desemba. Mpaka hapo cheza, na jioni akikaa karibu yako, mpe naye zamu.

Moja tu.

Baba yako