Nusu Tembe Kwa Uji wa Kui

Peres, yale maneno ya saluni pale Kenyatta Market, ati dawa ya watoto ni maji tu, yalinikaa kichwani.

Leo mtoto wangu Kui akalia, sikio linamuuma. Nikachukua ile dawa kali ya maumivu Baba Kui alipewa baada ya operesheni, nikavunja tembe nusu, nikasaga kwa uji.

Akalala. Kumwamsha, haamki. Peres, midomo ilikuwa bluu!

Nikamkimbiza hospitali. Daktari akauliza, "Mama, amekunywa nini?" Nikasema uji tu. Uji tu! Akauliza tena ndio nikasema ukweli.

"Mama, hiyo inazima pumzi ya mtoto."

Wamemtibu, sasa anapumua vizuri. Lakini nilidanganya, Peres, na mtoto alikuwa anakufa.

Usimpe mtoto dawa ya mkubwa, hata nusu.
Usiweke dawa iliyobaki nyumbani.
Usisikize saluni.
Usimfiche daktari.