King'ora Jikoni kwa Mama

Dada yangu,

Mhandisi wa manispaa amekiri leo, akiwa jikoni kwa mama na mkate mdomoni, kwamba king'ora cha mafuriko hakisikiki huku bondeni.

Unajua kimesimikwa kilimani, kwenye mtaa wa watu weupe. Kila tulipolalamika, alijibu kwamba sisi weusi wa kando ya mto hatukisikii kwa sababu ya kelele zetu wenyewe. Basi mama akamwalika chai siku ya jaribio, akauamuru mtaa mzima unyamaze. Hata fundi cherehani alisimamisha kazi.

"Umesikia, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Kunywa chai. Labda kinashuka mlima kwa miguu."

Simu ya mhandisi ikaita. Wenzake kule juu walikuwa wameshamaliza kukipiga. Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwonyesha ukutani alama ya maji ya mwaka jana, juu ya kimo cha mama mwenyewe, na picha ya shangazi, ambaye hakuna aliyemwonya. Mhandisi akaweka kikombe chini, akampigia simu mkubwa wake palepale.

Uliapa kwamba tusipopata king'ora chetu utakuja kumhamisha mama. Anasema, "Mwambie aje na zawadi, si na begi la kunibebea."

King'ora chetu kitasimikwa Jumanne, juu ya paa la dobi. Kitajaribiwa Jumamosi saa nne asubuhi, na mama ameshakuwekea kiti.

Mdogo wako