Pindo la Kofia

Nyalenda, Kisumu
20 Februari

Mwanangu Huzaifa,

Asalaam aleikum. Hujambo huko ndani? Sisi tuko, ila kifua kinanisumbua na huu moshi wa jirani. Nimekuachia kofia ya kijani langoni, askari ameipitisha. Uivae kila saa na usimpe mtu. Usiniulize kwa nini, wewe vaa tu! Walisema ukikaa bila kosa utapunguziwa kifungo, utoke kabla ya Idd. Tafadhali baba, jiepushe na maneno ya watu.

Mamako,
Zuleha

Gerezani
27 Februari

Mama mpendwa,

Waaleikum salaam. Pole na kifua. Mimi mzima, ila usingizi sina. Barua zetu zinasomwa, kwa hivyo nafupisha.

Jana kulikuwa na msako, ile kawaida yao. Tulitolewa nje tukachuchumaa, wakapekua magodoro, sabuni, hata soli za champali. Siku hizi wanapapasa kila pindo. Mzee Amir wa Awasi, anayetuswalisha, amekutwa na kofia ya kijani. Ndani imeshonwa kitu chenye unga mweusi. Wanasema ni dawa za kulevya. Wamemfungia peke yake gizani. Anaapa hajui ni nini, na hataki kumtaja aliyempa.

Mama, unga huo ni nini? Naogopa. Mlango ukilia tu, nadhani wanakuja kunichukua.

Mwanao,
Huzaifa

Nyalenda
1 Machi

Huzaifa,

Salamu baadaye. Si nilikwambia usimpe mtu? Wewe na huruma zako! Ni hirizi. Ustadh Abeid aliiandika, akatia habasoda ya kusaga, nikaishona kwa mkono wangu ikukinge na husuda za humo. Wallahi sikudhani.

Sasa nyamaza! Ukisema ni yako watakuwekea kosa. Amir bado ana miaka kumi ya kifungo, ana haraka gani? Mimi nina wewe tu. Mungu anisamehe. Namtuma Akinyi, binti wa jirani, na hii barua langoni sasa hivi, mbio.

Mamako

Gerezani
4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nipo, nashukuru. Barua yako waliifungua kabla haijanifikia. Afande mkubwa alinisomea yote, hata pale uliposema ninyamaze.

Mzee Amir ametolewa. Alinishika bega, akaenda zake. Mimi ndiye niko kule alikokuwa, na siku zangu za kupunguziwa zimefutwa. Idd mle bila mimi. Usijilaumu, aki.

Giza hili naogopa, lakini kuna kitu naogopa zaidi. Siku zote zile mzee akiwa humu, mimi nilijua kofia ni yangu, na kila asubuhi nilikunywa uji wangu nikanyamaza. Hata bila wewe kuniambia, Mama, nisingesema.

Mwanao,
Huzaifa