Macho ya Riziki Kifuani Kwako

Baba Neema, mume wangu,

Leo nimepita mbele ya hospitali kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Nimeona nikuandikie ungali moto, kwa sababu ukipoa nitaanza kujipamba.

Unakumbuka ulivyonicheka sokoni Rumonge? Nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, nimebeba dumu la mawese, nikakuambia, "Samahani kaka, naomba unipishe." Ukawaita maseremala wenzako wa mitumbwi: "Mukuje musikie! Huyu dada anasema kama redio!" Wewe mtu wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, ukaanza kuninunulia mawese ambayo hukuyahitaji. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo, wewe na mutoto wako, mimi na mtoto wangu, na Neema ni huyo huyo mmoja. Nilidhani hakuna mwanamke duniani anayekujua kunizidi.

Kisha saratani ikaingia kwenye mifupa ya mgongo wako. Nilikuwa nakugeuza kitandani kwa shuka, wewe unauma ncha ya blanketi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanageukia ukutani wasikuone. Vidonge vya hospitali ulivitapika. Nilikukanda, nikakuombea, nikakupepea kwa kipande cha boksi. Mikono yangu ile uliyokuwa unaisifu haikukusaidia kitu.

Ndipo daktari akasema sasa ni sindano ya morfini. Dada yako Esta akanivuta pembeni: "Hiyo ni ya kumaliza watu. Akianza hiyo, harudi." Nikaamini. Aliyekuja kutujibu ni Riziki, muuguzi, mwembamba, sauti ya chini. Akavuta kiti.

"Dawa hii inaua ikitolewa ovyo," alisema. "Sisi tunaanza na kidogo, tunaangalia, ndipo tunaongeza. Inafungiwa kabatini, na kila chupa inaandikwa mbele ya muuguzi wa pili. Na anayeipata kwa ajili ya maumivu makali, kwa kipimo, hageuki kuwa mlevi wa dawa."

Akakuchoma. Tukangoja. Taratibu meno yako yakaachia blanketi, uso ukafunguka kama zamani ulipokuwa unamaliza mtumbwi na kuuzunguka kuutazama. Nilipaswa kupiga magoti nimshukuru Mungu. Lakini ulifumbua macho, ukamtazama yeye, ukamwambia neno kwa Kibembe. Naye akakujibu kwa Kibembe. Kumbe alikuwa wa Baraka kama wewe.

Mkacheka. Ulikuwa hujacheka wiki ngapi? Ukacheka katika lugha ambayo mimi sikuwahi kujifunza.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila baada ya saa nne, na kila akija nilikuwa nakufa kidogo. Alikushika mkono akiutafuta mshipa. Alikuinulia kope kwa kidole. Alikuuliza kama umepata choo, swali la mke, na wewe ukamjibu bila aibu, kwa sababu dawa ile inafunga tumbo na yeye alitaka kujua. Halafu alitazama kifua chako dakika nzima, saa mkononi, anahesabu pumzi. Dakika nzima, Baba Neema! Nilijua ni kazi. Alikuwa amenieleza kwamba morfini ikizidi, pumzi ndiyo inayopungua. Nilijua, na bado nilitamani kumtupia shuka usoni.

Wewe nawe hukunisaidia. Robo saa kabla ya zamu yake ulikuwa umeshaanza kugeuza shingo kuelekea mlangoni. "Amefika?" Sio "Mama Neema, umekula?" Ni "Amefika?"

Ndiyo maana nilifanya nililofanya. Pale Gitaza, wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani, kuna mtu anauza dawa kwenye kikapu. Nilimwambia mume wangu ana maumivu yasiyoisha. Akanifungia vidonge kwenye karatasi: "Hivi ni vikali mama, vinaondoa maumivu na kulaza." Nikavifunga kwenye pindo la kitenge. Mchana ule, Riziki akiwa bado hajafika, nikakupa viwili na uji.

"Ni dawa za nani?" uliniuliza.

"Ni zangu."

Ukavimeza kwa sababu nilikupa mimi. Nilikaa nikakutazama kwa furaha mbaya. Nilitaka siku hiyo akija akukute umetulia, aone hahitajiki.

Lakini alipofika vidonge vilikuwa bado havijaanza kufanya kazi. Riziki alikuta bado uso umekunjamana, macho makavu. Akahesabu pumzi zako, akaona sawa. Akanigeukia kama kila siku: "Mama, kuna dawa nyingine amekunywa? Hata ya kienyeji?"

Nikasema, "Hapana."

Akakuchoma kipimo chako cha kawaida. Hakuondoka, alibaki kuandika fishi, karatasi ya mgonjwa, kwenye kitanda cha pili, na hilo pekee ndilo lililokuokoa. Baada ya muda nilisikia unakoroma. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikuja haraka, akakusugua kifua kwa ngumi, akakuita kwa nguvu, "Papa Neema! Pumua! Pumua!" Ukavuta moja. Kisha kimya kirefu. Midomo yako ikawa na rangi ya majivu, na alipoinua kope, mboni zilikuwa vinukta.

"Hii si dawa yangu peke yake," alisema. Akanitazama. "Mama, sikugombezi. Niambie tu."

Nitakuambia ukweli ambao sikukuambia ulipokuwa hai. Nilinyamaza. Wewe unazama, na mimi nawaza kwamba nikisema, atakuwa ameshinda. Nilinyamaza kwa urefu wa pumzi zako mbili, na pumzi zako wakati ule zilikuwa zimeachana sana. Kisha nikafungua kitenge.

Akavitazama vidonge vilivyobaki, akakimbia. Wakakuwekea oksijeni, wakakupa dawa ya kuzuia morfini, kidogo kidogo mpaka kifua kikaanza kupanda. Ulirudi ukilia. Dawa iliyokurudishia pumzi ilikurudishia na maumivu, na mimi ndiye niliyekusababishia yote mawili. Riziki akakaa nawe mpaka jioni, kwa sababu dawa ile ya kuokoa inaisha mapema na vidonge vyangu vilikuwa bado mwilini. Hakunipigia kelele.

"Lazima niandike kwenye fishi, daktari ajue," alisema. "Lakini mumeo utamwambia wewe."

Nilikuambia kesho yake, asubuhi, nimeinamisha kichwa. Kisha ukasema, "Sababu ya Riziki?"

"Unamngojea yeye. Mimi huningojei."

"Yeye namungojea sababu anaendaka. Weye hauendake. Sasa nitakungojea namna gani?"

Ukanishika pindo la kitenge, pale pale penye fundo, ukalala. Na mimi nikalia, lakini sikupona. Mwanamke mwenye akili angepona kwa maneno yale. Mimi Riziki alipokuja saa nne baadaye nilihesabu pumzi pamoja naye, kwa sauti, ili nisimwachie dakika hiyo peke yake. Akaniacha nihesabu. Siku zilizobaki tulihesabu wote wawili.

Ugonjwa ulikuchukua wiki chache baadaye, asubuhi, bila wewe kuuma blanketi. Esta alisema ni sindano. Sivyo, na nilimwambia sivyo, kwa sababu kifua chako nilikuwa nimekihesabu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga. Riziki alikuja, nikampakulia chakula yeye wa mwisho, nisamehe. Watu walipoombwa kusema neno, alisimama akasema, "Alikuwa mgonjwa wangu," akakaa. Lile "wangu" likanichoma. Nikasimama nami. Nilitaka kusema ulikuwa mume wangu, basi. Lakini mdomo uliendelea. Nilisema habari ya vidonge, ya uongo wangu, ya kunyamaza kwangu, mbele ya Esta na jumuiya nzima ya kanisa. Esta hajanitazama tangu siku hiyo.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mama mmoja wa Kigwena alinifuata nyuma ya nyumba. Akafungua leso, ndani kuna vidonge. "Mama Neema, mamangu wanamuchoma hiyo sindano. Na hizi namupatia kwa siri. Iko mbaya?"

Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Riziki. Walikaa wakaongea, Riziki akavishika vidonge, mama akafuta machozi akishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, murakoze." Nilisimama pembeni nikiwatazama, na wivu ukanipanda upya, maana mama yule alikuwa amekuja kwangu kwanza.

Pumzika, mume wangu. Huko uliko, wakikuhudumia, waambie una mke.

Wako, asiyekwenda popote,
Mama Neema